Mashine Iliyopona Ikifika Mjini

Mlipokuja kuniaga na keki, nyinyi vijana wa karakana, mliniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi. Nilicheka nikijua mtasahau. Sasa mmenipigia simu tena mkiuliza imefika wapi. Haya, kaeni. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache, na mshahara ni siri yangu na mume wangu, ambaye hata yeye sikumwambia wote. Nitawaambia yale yaliyonishtua. Watu hudhani fundi wa kompyuta hashtuki, eti ameshazoea. Mimi nimetengeneza mashine hapa Machakos tangu zilipokuwa na skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, na sikumbuki kumaliza mwezi bila kushika kifua nikisema, "Woi! Hii nayo ni nini?"

Siku yangu ya kwanza nilipigwa na umeme kabla ya chai ya saa nne. Mwenye karakana alikuwa Mzee Kilonzo, mtu aliyetengeneza redio na taipureta miaka mingi kabla kompyuta hazijafika mji huu. Alikuwa amenionya nisiguse ndani ya kile kisanduku kinachopokea umeme, hata kama waya umechomolewa ukutani. Nikaona waya umechomolewa, nikagusa. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mkono umekufa ganzi, mzee ananiangalia juu ya miwani yake. "Sasa umeajiriwa," akasema, akarudi kwa chai yake.

Wateja nao hawakuniacha nipumue. Mtu akiingia huniuliza, "Fundi yuko wapi?" Namwambia ni mimi. "Hapana, nauliza fundi mwenyewe." Karani mmoja alifua kibodi kwa sabuni ya unga, akaianika kwenye ua kati ya soksi za mumewe, kisha akaniletea akilalamika kwamba herufi zimekuwa safi lakini haziandiki. Mwingine alileta mashine ya kuchapisha iliyokuwa ikinguruma bila kutoa karatasi. Nikaifungua, kumbe nyigu wamejenga humo ndani, na wenyewe walikuwa nyumbani. Siku hiyo karakana nzima tulifanyia kazi barabarani.

Mzee Kilonzo hakunifundisha kwa vitabu. Alinipa bisibisi, brashi laini ya kupaka rangi, ya kutolea vumbi, akaniambia kifaa cha tatu ninacho tayari, sikio. Kila kompyuta ya siku zile ilikuwa na diski ndani, sahani za chuma zinazozunguka, na juu yake mkono mwembamba unaosoma. Kila ulichoandika kinakaa hapo. Mzee aliweka ncha ya bisibisi juu ya diski, mpini wake sikioni, akafumba macho. Diski nzima huvuma. Diski inayokufa hugonga. Nyinyi mna programu za kuwaambia hayo na michoro ya rangi, na bado mnakuja kuniuliza.

Alikuwa na sheria mbili ambazo alizirudia mpaka nikaziota. Ya kwanza, diski ikisema ina kosa, usibonyeze programu ya kuitibu kabla hujanakili kilichomo, maana dawa hiyo ikikuta faili limevunjika hulitupa na kukuambia mgonjwa amepona. Ya pili, mashine hailetwi karakana mara tatu kwa ugonjwa mmoja. Ikirudi mara ya tatu, fundi ndiye anayeifuata nyumbani kwake. Sheria ya pili niliiona kama uvivu wa mzee anayependa kutembea na kukaribishwa chai. Mpaka alipokuja Mwalimu Ndunge.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Aliingia mwanamke mrefu wa makamo mwenye sweta ya bluu, na nyuma yake mwanamume amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Nilimsalimia yule mama, akanijibu kwa mnong'ono. Na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikaanza kunong'ona pia. Tukanong'onezana hivyo mpaka yule mwanamume akachoka.

"Ongea tu kawaida, Fundi," akasema. "Mwalimu ni koo iko na shida. Masikio iko sawa."

Huyo alikuwa Kioko, fundi wa kujenga, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa lao kule Katelembo. Mwalimu Ndunge alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye aliyeiongoza kwaya hiyo tangu Kioko akiwa kijana. Alikaa, akanieleza taratibu, akipumzika katikati ya maneno. Alikuwa na uvimbe kooni. Sauti yake ilikuwa imeondoka kidogo kidogo mpaka ukabaki huo mnong'ono, na mwezi uliofuata madaktari wa Nairobi wangemfanyia upasuaji na kutoa kisanduku chote cha sauti.

"Nikirudi sitakuwa hata na hii," alininong'oneza. Kisha akaweka mkono juu ya blanketi. "Sauti yangu iko humu. Ile ya kweli. Na hii mashine imeanza kukataa."

Nilifungua blanketi, nikashtuka. Ilikuwa mashine ambayo hata wakati ule ilikuwa ya zamani, ya aina niliyowahi kuiona pichani tu. Mgeni mmoja wa kujitolea aliyefundisha muziki shuleni kwao alimwachia Mwalimu alipoondoka. Sifa ya mashine hiyo ilikuwa sauti. Mwalimu angeimba sauti ya kwanza kwenye maikrofoni, mashine inahifadhi. Kisha anaimba ya pili juu ya ile ya kwanza, ya tatu, ya nne, mpaka mtu mmoja anakuwa kwaya. Kaseti isingeweza hayo. Wanakwaya wengi hawakujua kusoma nota, kwa hivyo kila Jumamosi walijifunza kwa kuisikiliza mashine.

Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imekufa zamani. Lakini huko ng'ambo walikuwepo watu walioipenda kiasi kwamba walikaa jioni, baada ya kazi zao, wakaandika wenyewe mfumo mpya wa kuiendesha, bila kulipwa na yeyote. Ukiwaandikia barua wanakutumia kwa posta, katika flopi, zile diski ndogo bapa za plastiki. Ati watu wazima! Nilimuuliza Mwalimu mara mbili kama amesema bila malipo. Mfumo huo sikuwahi kuuona, kwa hivyo niliuwasha kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba asiyoijua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Wimbo ukiwa katikati, mashine inasimama, kinatokea kidirisha chekundu kinachosema diski haisomeki, na chini yake vitufe viwili: jaribu tena, au acha. Mwalimu si mtu wa kuacha. Alijaribu tena mpaka kidole kikamuuma.

Nikamwambia acheze wimbo mmoja nione hicho kidirisha. Akaucheza. Jamani! Sikukiona kidirisha. Nilichosikia ni sauti ya mwanamke, nzito na pana, sauti nne za mtu mmoja zikipanda pamoja, na Mzee Kilonzo akaweka chini kikombe chake. Nilimtazama yule mama mbele yangu, shingo imevimba, ananong'ona. Sikuamini ni mtu huyo huyo. Wimbo uliisha wote bila mashine kukohoa.

Nilisafisha, nikakaza waya, nikasikiliza diski kwa bisibisi. Ilivuma vizuri. Nilitaka ninakili kila kitu hapo hapo, lakini diski ya pili ya kuingia katika mashine ile haikupatikana Machakos yote, ikabidi niiagize. Nikamwambia aende na mashine yake, nitampigia diski ikifika. Baada ya siku chache Kioko akarudi na blanketi lake. "Imekataa tena." Nikaiwasha. Ikaimba asubuhi nzima kama iliyotoka dukani.

"Labda imekupenda," Mzee Kilonzo akasema.

Muuza viatu wa mlango wa pili akatoa ushauri wake bila kuulizwa: hiyo imerogwa, na anamjua mtu. Nilimwambia auze viatu. Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa. Kitu kikiharibika unakitengeneza. Kitu kinachoharibika Katelembo na kupona mjini, utakishikia wapi? Nilibadilisha waya wa umeme nikidhani labda umeme wa kwao unapungua, nikairudisha.

Ilipokataa mara ya tatu, diski niliyoagiza ilikuwa imefika. Mzee alinyoosha tu kidole mlangoni. Nikachukua mkoba wa vifaa, nikaenda Katelembo.

Mwalimu alinipokea vizuri sana. Walijua fundi anakuja, kwa hivyo sebule ilikuwa imefagiliwa na kila kitu kimevaa vizuri. Nyinyi mnazijua hizo sebule, mmezaliwa humo. Kochi lina kitambaa mgongoni na vingine viwili mikononi. Redio ina chake, meza ina chake, hata thamosi ya chai imevaa sketi. Nikauliza mashine iko wapi. Kioko, aliyekuja mapema kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa sababu kulikuwa na chapati, akanionyesha pembeni.

Sikuiona. Niliona kilima cheupe. Chini kabisa ilikuwa nailoni nene, ile inayokuja na kochi jipya, ya kuzuia vumbi. Juu yake kitambaa cha uzi mzito kilichofumwa kwa mkono kuizunguka mashine yote, kinaikaa kama sweta, chenye pindo la waridi. Na kwa kuwa leo kuna mgeni, walikuwa wameongeza cha pili juu, kile cha Krismasi. Chini ya hayo yote mashine ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, ikinisubiri. Nilipenyeza mkono. Niliutoa mbio. Ilikuwa moto kama sufuria.

"Ngai wangu! Mwalimu! Hii huvaa hivi kila siku?"

"Hiyo ni zawadi," Kioko akajibu kwa niaba yake. "Kina mama wa kwaya walifuma, kila mtu kipande chake. TV inafunikwa, redio inafunikwa. Hii yenye inatufundisha ndio ikae uchi?"

Mwalimu akanigusa mkono niiname nimsikie. "Feni yake ina kelele," akanong'ona. "Nikirekodi inaingia kwa wimbo. Nikiifunika, inanyamaza. Nilitaka nyimbo zitoke safi."

Nilisimama hapo na mdomo wazi. Nilikuwa nimebadilisha waya, nimelaumu umeme, nimekaribia kumtafuta yule mtu wa muuza viatu. Kumbe kila ilipokuja kwangu ililetwa bila sweta, inapoa njiani, inaimba. Ikirudi inavishwa kwa heshima na kupikwa. Na sehemu iliyopikwa zaidi ilikuwa ile yenye nyimbo, maana ndizo zilizochezwa kila Jumamosi, na kila diski ilipokwama kwa joto, kitufe cha jaribu tena kiliulazimisha ule mkono wa diski kupita pale pale, pale pale. Niliweka bisibisi sikioni. Sasa ilikuwa inagonga.

Nilimweleza nikichagua maneno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mimi?" akauliza.

"Ni joto, Mwalimu."

"Joto nililifunika mimi." Hakulia. Alivua kitambaa taratibu, akakikunja mara nne, akakiweka magotini.

Nikamgeukia Kioko. Nilijua Mwalimu aliwahi kuwapa wanakwaya kaseti zilizotolewa kwenye mashine ile, wafanyie mazoezi nyumbani. Nikamwambia azilete zote, sasa hivi. Akaangalia chapati yake.

"Yangu niliweka muziki wa benga juu," akasema.

"Uliweka nini?"

"Wimbo nilikuwa nishaujua, Fundi. Kaseti si inarekodiwa tena? Mama Kaluki ameweka mahubiri. Wengine sijui, lakini nafikiri ni hivyo tu."

Jamani, nilimpigia kelele mtu mzima nyumbani kwa watu, akiwa anakula. Mwalimu ndiye aliyeinua mkono ninyamaze, kama anavyonyamazisha sauti ya kwanza. Kioko alitoka kuzunguka kwa wenzake, akarudi bila kaseti hata moja, kofia mkononi.

Basi ikabaki diski. Nikafungua mashine yote, ikawa uchi kabisa mezani. Ilikuwa Julai, baridi ya asubuhi ya huku mnaijua. Tulifungua madirisha yote na mlango, Kioko akaleta feni ya kusimama ya kanisani, tukaielekeza kwenye diski huku sisi tumevaa makoti. Niliunganisha diski mpya pembeni. Ule mfumo wa wapenzi wa ng'ambo ulikuwa na programu ya kutibu, ikaniuliza kwa upole kama niitumie. Nilikataa. Ulikuwa pia na programu ndogo ya kunakili, ambayo ikikuta palipoharibika inaruka na kuendelea mbele badala ya kung'ang'ana. Yeyote aliyeiandika, jioni moja huko kwao, sijui jina lake, lakini nilimwombea.

Tulikaa tukiangalia majina ya faili yakipita. Kila diski ilipoanza kugonga nilizima, tunaipuliza mpaka ipoe, tunaanza tena. Saa za mchana zilipita hivyo. Mwalimu hakutoka kwenye kiti chake.

Ilipoisha nikacheza wimbo wa kwanza, ule ule niliousikia karakana. Ilitoka sauti ya kokoto zikimwagwa kwenye karai, kisha neno moja lililokatika, kisha kokoto. Nikajaribu wa pili. Kokoto. Wa tatu. Niliendelea kwa sababu sikujua niseme nini nikiacha. Nyimbo zote, zile zilizorekodiwa chini ya kitambaa ili zitoke safi, hapakuwa na hata mmoja uliosalia. Nilikuwa nimeisikia ile sauti kwa masikio yangu, na sasa nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mwenyewe kwamba haipo.

Kulikuwa na fungu moja la faili lililobaki chini kabisa, limeandikwa Majaribio. Mwalimu akapunga mkono nilifute. Akanong'ona kwamba huo ni uchafu tu, alikuwa akipima maikrofoni kabla ya mazoezi, mashine haijafunikwa, watu wanaingia, anasahau kuzima. Hakuna aliyewahi kulifungua tangu siku hizo.

"Si tusikie tu?" Kioko akasema.

Nikabonyeza. Kwanza ukatoka mvumo wa feni, ule ule aliouchukia. Halafu juu yake, pana, nzima, bila mkwaruzo hata mmoja:

"Kioko! Umechelewa tena. Kaa chini. Si hapo, hapo ni kwa sauti ya nne. Wewe utajua lini mahali pako?"

Kioko, aliyekuwa amesimama kando yangu, alikaa chini. Hakukuwa na kiti.

Mimi nilipiga yowe, sitaficha. Mwalimu aliweka mkono kooni, akabaki akitazama spika. Nikafungua faili lingine. "Sauti ya pili, mnalala?" Lingine. "Pumzi, pumzi, mnaimba kama mnakimbizwa." Lingine, akicheka, kicheko kirefu cha mtu mwenye afya, sijui nani alikuwa amefanya nini. Yalikuwa mengi, na yote yalikuwa mazima. Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainama. Alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yanamtiririka.

"Nilikuwa na kelele hivyo?" akaninong'oneza.

"Zaidi," Kioko akasema kutoka sakafuni.

Lile swali la Mwalimu ndilo neno la mwisho nililosikia kwa mdomo wake. Alikwenda Nairobi, akapasuliwa, akapona. Aliporudi Katelembo akanitumia Kioko: niende Jumamosi, kuna feni ya kuangalia. Nilienda na brashi yangu. Mashine ilikuwa imewekwa mbele kanisani, uchi, feni yake inavuma watu wote waisikie. Kile kitambaa cheupe Mwalimu alikuwa amejitanda mabegani, pindo la waridi limefunika kidonda cha shingo. Wanakwaya walikuwa wamejaa, kila mtu anaongea na jirani yake kama wako sokoni, na nilijiuliza atawanyamazishaje huyu mama ambaye sasa hana hata mnong'ono.

Alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe kimoja.

"Tena!" sauti yake ikasema, ikajaza kanisa mpaka mabati. "Kuanzia mwanzo."

Walisimama wote kwa mara moja. Brashi ilinianguka, sikuiokota. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alijifunika uso, jirani yake akamshika mkono, kisha mtu akaanza, wengine wakaingia, wakaimba wimbo mzima walioukariri kutoka kwake miaka yote ile, sauti nne, bila mashine kuwaongoza. Nilikuwa nimedhani nyimbo zimepotea. Zilikuwa zimesimama mbele yangu zikipumua.

Walipomaliza, mimi nilikuwa nalia waziwazi, nikasubiri Mwalimu naye alie. Aliwatazama, akatikisa kichwa, akabonyeza kile kitufe tena, kwa sababu sauti ya tatu walikuwa wameshuka.